Mtihani wa Asiyelipwa

Ukiwatoa dereva na mwelekezi wake, mtu anayekuwa karibu zaidi na gari la mbio linapopita kwa kasi yake yote kwa kawaida ni mtu asiyelipwa. Amefika kabla ya jua. Ana kizibao cha rangi kali, filimbi shingoni, bunda la tepe, chupa ya maji na, kama nyumbani kwake kuna wenye huruma, chapati mbili zilizofungwa kwenye karatasi. Atapewa fulana, pengine na chakula cha mchana, mshahara, hapana. Himaya yake ni kipande cha barabara ya vumbi anachoweza kukiona kutoka hapo aliposimama, na ndani ya himaya hiyo anatakiwa awe askari, karani, mzimamoto, mpasha habari na mjomba wa watu wote. Huyu ndiye mashali.

Wenye vilabu vya magari wanalo swali moja kumhusu, ambalo hawapendi kulisema kwa sauti: mtu aliyekuja kutoa siku yake bure, unamtahini vipi? Na akishindwa, unamwambiaje?

Kenya ina sababu zake za kulijali swali hilo. Safari Rally ilianza 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia zake zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalikuwa mashindano ya barabara zilizo wazi. Gari la dereva kama Joginder Singh au Shekhar Mehta lilipishana na lori la mizigo, basi la abiria na ng'ombe wa watu, na baadaye timu kubwa zikawa na helikopta za kutangulia angani kuchungulia kilichoko mbele. Mwaka 1963, na tena 1968, magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mashali wa zama zile alikuwa mtu wa kituo. Alikesha kwenye njia panda na meza yake, saa yake na kadi zake, akisubiri gari la mwisho ambalo pengine lilikuwa limelala mtoni tangu jana. Watazamaji walikuwepo, tena wengi, ila walikuwa wametawanyika juu ya maelfu ya kilomita.

Baada ya 2002 Kenya ilitoka kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia. Iliporudi 2021, safari hii Naivasha, mbio zilikuwa za aina nyingine. Barabara zinafungwa. Mikondo, yaani vipande vya barabara vya kushindania muda, inahesabika, Kedong mwaka huo ukiwa miongoni mwa ile mirefu kwa kilomita zake zaidi ya 30, na kila mtu anajua gari litapita wapi na saa ngapi, kwa hiyo watu hujaa pale pale. Miaka 19 si michache: kijana aliyeshika bendera 2002 alikuwa sasa baba wa watu mwenye magoti yanayolia. Ujuzi haukupotea wote, maana mbio za kitaifa ziliendelea na Safari Classic ya magari ya zamani ilianza 2003. Lakini kazi wale wazee waliyoijua haikuwa tena kazi iliyowangoja. Zamani walilinda saa. Sasa wanalinda watu.

Kulinda saa kunafundishika, na kunafundishika vizuri. Nimewahi kukaa nyuma ya darasa la mamashali, kwenye viti vya plastiki, nikashangaa jinsi sehemu hiyo ilivyo safi. Kituo cha muda kina vibao vyake: cha njano kinachoonya, chekundu kinachosema ndipo hapa. Gari likichelewa dakika moja, linaongezewa sekunde 10. Likiwahi dakika moja, linaongezewa dakika nzima. Wanagenzi wengi hucheka wakisikia hivyo, kwa kuwa sisi tumezoea adhabu ya kuchelewa na kuwahi hatujawahi kukuona kuwa dhambi. Kisha anakuja mkufunzi na swali la mtego: gari limeingia eneo la kituo, mwelekezi ameshuka, anaitazama saa, anarudi kwenye gari, halafu anakuja kukukabidhi kadi. Unaandika dakika ipi? Dakika aliyokukabidhi kadi. Gari kufika si hoja. Jibu lina sifa ya kupendeza: liko kwenye kanuni, halina ubishi, na mtahini anaweza kulipa alama kwa kalamu nyekundu.

Redio nayo inafundishika. Katika kila mkondo vituo vya redio hupangwa kila baada ya kilomita tano hivi, na kila kimoja kina bendera nyekundu ambayo mashali haruhusiwi kuipeperusha kwa utashi wake. Anangoja amri ya mkuu wa mashindano. Amri ikija, anaonyesha bendera, anaandika saa aliyoionyesha na namba za magari yaliyoiona, kwa sababu dereva aliyepunguza mwendo kwa ajili ya bendera hiyo atapewa muda wa haki baadaye, na haki hiyo itategemea daftari la mtu aliyekaa chini ya mwiba. Kila gari linabeba kibao chenye pande mbili, upande mmoja SOS kwa rangi nyekundu, upande mwingine OK kwa kijani. Gari la kwanza kuona SOS linasimama kusaidia. La pili linakwenda kutoa habari kituo cha redio kinachofuata. Mashali asiyejua mpangilio huo atamuuliza dereva wa pili kwa nini amesimama kituoni kwake, wakati ambapo angekuwa ameshainua redio.

Halafu kuna suala la kusimama, ambalo ni la uhai wa mashali mwenyewe. Gari lililo kwenye kilomita 150 kwa saa humeza zaidi ya mita 40 kila sekunde. Ukiona, umechelewa, inabidi usikie. Ndiyo maana ya filimbi: mashali wa kwanza kusikia mngurumo huipuliza, wa mbele yake huipokea, na onyo hutangulia gari kando ya njia. Asisimame upande wa nje wa kona. Asisimame mahali pa chini kuliko barabara. Asiwe na ukuta au ua nyuma yake. Watu wa Monza mwaka 2000 na wa Melbourne 2001 walimzika kila mmoja mashali wao wa kujitolea aliyepigwa na gurudumu lililochomoka, tena kwenye viwanja vya saruji na vyuma vya kukinga, si kwenye pori la Bonde la Ufa lenye mawe ya volkeno na lile vumbi laini ambalo likiinuka huning'inia hewani na kumficha hata punda milia.

Haya yote mtu anaweza kuyajibu kwa asilimia 100 na bado nisimkabidhi kona.

Tuseme ni mkondo wa Elmenteita, asubuhi, dakika 40 kabla gari la kwanza halijaja. Kijana wa miaka 22 mwenye kizibao kipya anawakuta watu wameketi nje ya kona, mahali hasa ambapo picha ya darasani ilikuwa na alama ya msalaba. Katikati yao yuko mzee kwenye kigoda chake.

"Samahani mzee. Hapa pana hatari, naomba msogee pale juu."

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Hapo ndipo mtihani unapoanza, na hakuna karatasi. Mzee hana ubaya. Anauliza swali ambalo kila mgeni huulizwa. Anaongeza kwamba Safari ameitazama tangu wakati wa Mehta, wala hajawahi kuguswa hata na kokoto. Hoja yake ina nguvu ya maisha mazima na udhaifu mmoja: wale walioguswa hawapo kutoa ushahidi wao. Kijana akimjibu kwa kanuni, amekwisha. Akipaza sauti, umati utamcheka. Akiwaita polisi, watu watasogea mita tano na kurudi polisi wakigeuka. Mkufunzi mmoja niliyemsikia alikuwa na njia yake, na naiona ina hekima kuliko vipeperushi vyote vya usalama: usiseme na umati, mtafute anayesikilizwa na umati. Msalimie sawasawa. Mwombe akuonyeshe mahali pazuri zaidi pa kuona kule juu, kisha kibebe kigoda chake mwenyewe, utangulie. Mzee akiinuka, wengine wataokota mablanketi yao.

Je, hilo linawekwa wapi kwenye fomu ya tathmini? Kuna kisanduku cha "mawasiliano". Hakuna kisanduku cha kubeba kigoda.

Na mzee akikataa? Darasa linapaswa kufika hapo, ila mengi hukwepa. Akikataa, na dakika zikiisha, mashali anatakiwa ainue redio aseme kona yake si salama. Maneno hayo yanaweza kuuchelewesha mkondo, au kuufuta. Fikiri kijana huyu ni nani: amejitolea kwa sababu anapenda magari, ameamka saa tisa usiku ili aone kile anachokipenda kikipita mbele yake, na kazi yake sasa ni kukizuia kisipite. Na aliowashtaki ni watu wa hapo hapo, ambao kesho watapanda naye matatu moja.

Gharama ya kunyamaza inajulikana. Ureno, Machi 1986, gari la dereva wa rali Joaquim Santos liliparamia umati uliokuwa umeibana barabara karibu na Sintra. Watu watatu walikufa na zaidi ya 30 wakajeruhiwa. Madereva wa timu za viwanda walikaa hotelini, wakatia saini tamko la pamoja, wakagoma kuendelea. Angalia mpangilio wa mambo: waliosema "basi" walikuwa madereva, tena baada ya vifo. Kutoka wakati huo juhudi zote za usalama wa rali, kwa jinsi ninavyozisoma, zimekuwa ni kutafuta njia ya kulihamisha neno hilo "basi" kutoka kinywa cha bingwa baada ya msiba hadi kinywa cha mtu wa kawaida kabla ya msiba. Poland ilipoondoka kwenye ratiba ya dunia baada ya 2017, ilikuwa imekwisha kuonywa kuhusu watazamaji wake. Mashindano ya nchi nzima yanaweza kukatwa kwa sababu ya watu wachache waliosimama pasipofaa na mtu mmoja aliyeona haya kuwaondoa.

Scotland ilijifunza kwa uchungu kama huo. Februari 2013 mtazamaji mmoja alikufa katika Snowman Rally karibu na Inverness. Tarehe 31 Mei 2014 wengine watatu waliuawa katika Jim Clark Rally, kusini karibu na mpaka wa Uingereza. Serikali ya Scotland iliunda jopo la kuutazama upya usalama wa mbio za magari, bingwa wa zamani wa mbio hizo Jackie Stewart akiwa mmoja wa wajumbe wake, na baadaye, 2017, mahakama huko Edinburgh ikachunguza vifo vyote vinne pamoja. Miongoni mwa yaliyotazamwa ni mamashali: walifundishwa nini, waliambiwa nini asubuhi ile, waliona nini. Siku hizi huko mashali wa rali hupitia mafunzo ya mtandaoni yenye maswali, na anayetaka kupanda ngazi hubeba kadi ya kumbukumbu inayotiwa saini kila baada ya mashindano na mkubwa aliyemsimamia.

Baadhi ya wakongwe waliyapokea mambo haya kwa kinyongo, na siwalaumu sana. Kumtahini mtu anayejitolea kunafanana na kumpimia kwenye mizani jirani aliyeleta unga msibani. Ataufunga unga wake arudi nao kwake. Vilabu vinalijua hilo, na kwa kuwa mamashali daima ni wachache kuliko kona, mtahini huingia darasani akiwa ameshashindwa: kila anayemwangusha ni kona moja isiyo na mtu Ijumaa. Basi maswali hulainishwa. Picha mbili, moja ina mtu katikati ya barabara, nyingine ina mtu kilimani. Chagua iliyo salama. Wote wanafaulu, wote wanapigwa picha ya pamoja, na cheti kinatundikwa ukutani karibu na cha ubatizo.

Mimi naiamini saini kuliko maswali. Aliyekuona kwenye vumbi anajua kitu ambacho karatasi haikijui: kwamba ulirudi mara tatu kwa wale vijana wa boda boda bila kukasirika, kwamba redioni ulitaja namba ya gari na mahali kabla ya kuanza kusimulia. Lakini saini ina ugonjwa wake, na sisi tunaujua ugonjwa huo kwa jina, undugu. Mkuu wa kona ni rafiki wa kaka yako. Mmekula nyama choma pamoja usiku wa kuamkia mbio. Unamletea kadi gari likiwa linawashwa kurudi Nairobi. Nani ataandika "bado"? Ningetaka neno hilo liandikwe mara nyingi zaidi, na liandikwe na maelezo: bado, kwa sababu alitazama gari badala ya watu, bado, arudi akae na fulani kwenye redio. "Bado" yenye sababu humpa mtu pa kuanzia. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kwenye kona ya mkondo wa Sleeping Warrior ulimwengu huja na chuma cha zaidi ya tani moja.

Kuna pia wale ambao mtihani unawaangusha isivyo haki. Mchungaji wa Kedong anajua ng'ombe wataelekea majini saa ngapi na watavukia wapi, mvua ya jana usiku imekata korongo lipi, na ni njia ipi ya miguu ambayo watoto watapita hata ukiifunga kwa tepe ya dunia nzima. Huyo ni mashali nusu kabla hujamfundisha chochote. Ila kama maswali yameandikwa kwa Kiingereza pekee, ataonekana hajui, na mwanafunzi wa chuo kutoka mjini, ambaye hajawahi kumwamuru hata mbuzi, atapewa kizibao cha mkuu wa kituo. Umati wenyewe utaamriwa kwa Kiswahili, Kikikuyu na Kimaa. Sioni kwa nini mtihani wa kuuamuru ufanywe kwa lugha nyingine. Ninavyoona, vituo bora vingekuwa vya watu wawili: mmoja anayeijua kanuni, mwingine anayeijua ardhi, na kila mmoja atie saini kadi ya mwenzake.

Na mtahini angekuja saa ngapi? Kwa desturi huja mapema. Mkuu wa usalama na magari ya kutangulia, yale yenye sifuri tatu, sifuri mbili na sifuri moja, hupita mkondo ukiwa bado umetulia. Tepe zimenyooka, vizibao vimefungwa vifungo, kila mashali amesimama wima anapungia mkono. Gari la kwanza linakuja na bingwa wa dunia ndani, na hata mtazamaji mkaidi anakaa pake kwa msisimko. Saa hiyo hakuna kinachopimika. Wote ni hodari.

Ningemshauri aje baada ya yale magari kumi au kumi na tano ya majina makubwa. Jua limepanda. Watu wameona walichokuja kuona na wameanza kushuka kwenye vilima, wanakata njia kwa miguu kuifuata barabara kuu, muuza soda ameliinua kreti lake, boda boda zinawashwa, na mtoto ameingia barabarani kuokota kipande cha plastiki kilichodondoka kwenye bampa ili akawaonyeshe wenzake. Madereva wa nyumbani bado hawajapita. Wako kwenye magari ya zamani kidogo, wamejichangia fedha za tairi, wanakimbia kwa nguvu zile zile, na kati ya gari na gari pameachwa nafasi ndefu inayomdanganya kila mtu kwamba mambo yamekwisha. Mashali amesimama tangu alfajiri. Chapati zimeisha. Mwenzake amemwambia twende tuwahi msongamano. Mkondo hautafunguliwa mpaka gari la kufunga njia lipite, na gari hilo halijasikika. Mtahini akae chini ya mti akiwa na fomu yake, avue kile kizibao kinachomtambulisha, aangalie nani bado ana filimbi mdomoni.